Makali Yaliyomeguka Upande wa Ncha Tu: Uchambuzi wa Kisa cha Kisu cha Karakana ya Nyumbani

Kisu chenyewe ni cha jikoni. Ubapa wake una urefu wa sentimita 18, mgongo una unene wa milimita 3, na mkia wake ni mpana, unapita katikati ya mpini mpaka mwisho. Aliyekitengeneza ni kijana anayefanya kazi hii jioni katika banda nyuma ya nyumba. Ana tanuri dogo la gesi lenye mdomo mmoja wa moto, fuawe, jiliwa, mashine ya mkanda wa msasa, na oveni kuukuu ya jikoni iliyotengwa kwa visu peke yake. Kwa muda mrefu alifua springi za gari zilizotupwa. Visu vyake vilikuwa vizito na sura zake hazikupendeza sana, ila havikuvunjika. Safari hii alinunua chuma kipya cha 1084, aina rahisi ya chuma cha kaboni, kwa sababu alitaka kujua hasa kilichomo ndani ya kitu anachokifua. Huo ulikuwa uamuzi mzuri, na nausema mapema kwa kuwa baadaye alianza kukilaumu chuma hicho bila kosa.

Alikipasha kisu mpaka kikawaka, kisha akakizamisha kwenye mafuta ili kiwe kigumu. Tupa iliteleza juu ya makali bila kuuma, dalili kwamba chuma kimekuwa kigumu. Alikilegeza, yaani alikipasha tena kwa joto dogo ili kisivunjike kirahisi, kwenye oveni kwa nyuzi 200 (nyuzi zote za joto humu ni za Selsiasi), akakitia mpini, akakinoa. Wiki chache baadaye makali yakaanza kumeguka. Mapengo mengi yalikuwa ya nusu milimita, moja likikaribia milimita nzima. Akawaza kwamba kisu ni kigumu kupita kiasi. Aling'oa mpini, akakirudisha kwenye oveni kwa nyuzi 230, akatia mpini mwingine na kukinoa upya. Kikameguka tena. Kisha kikaanguka kutoka mezani na ncha ikakatika, kipande cha kama sentimita mbili.

"Mzee," aliniuliza, "nikipandishe mpaka 280, au nikubali kwamba chuma hiki hakifai?"

Nilimwambia asifanye lolote kati ya hayo kabla hatujakitazama vizuri. Lililonivuta halikuwa ukubwa wa mapengo bali mahali yalipo. Yote yalikuwa kwenye theluthi ya mbele. Karibu na kisigino makali yalikuwa mazima, yananyoa nywele za mkono, na hapo ndipo mkono wa mpishi unapobonyeza kwa nguvu zaidi. Kisu kizima kilipita kwenye mafuta yale yale na kikakaa kwenye oveni ile ile. Kama shida ingekuwa ugumu uliozidi, kisigino nacho kingemeguka. Na kama kulegeza kwa nyuzi 30 zaidi hakukupunguza kumeguka hata kidogo, basi maelezo ya "kigumu mno" yamekwisha kujaribiwa na yameshindwa. Kuyarudia kwa joto kubwa zaidi ni kumpa mgonjwa dozi mbili za dawa isiyo yake.

Tena wazo la nyuzi 280 lina hatari yake. Vyuma vya kaboni vikilegezwa katika eneo la kuanzia nyuzi 260 hadi 370 hivi mara nyingi hupungua ustahimilivu badala ya kuongezeka. Fundi anaona kisu kimelegea, tupa inaanza kuuma, halafu bado kinavunjika, na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo karakana nyingi huyachanganya. Ugumu ni uwezo wa chuma kukataa kuchimbwa na kubonyea. Ustahimilivu ni uwezo wake wa kupokea pigo au kukunjwa bila kupasuka. Tupa inapima ugumu peke yake. Visu viwili vinaweza kuwa na ugumu sawa kabisa kwenye kipimo cha Rockwell, kimoja kikavumilia kuanguka na kingine kikakatika ncha. Kinachovitofautisha, mara nyingi, ni ukubwa wa chembe, yaani fuwele ndogo zinazounda chuma.

Kabla ya kufika huko tuliwaondoa watuhumiwa wengine. Pembe ya makali ilikuwa nyuzi 15 kila upande, na unene nyuma ya makali kabla ya kunolewa ulikuwa kama milimita 0.3. Hiyo ni kawaida kwa kisu cha jikoni, na ilikuwa hivyo hivyo ncha hadi kisigino. Mashine ya msasa nayo ingeweza kuunguza makali wakati wa kusaga, hasa kwenye ncha ambapo chuma ni chembamba na joto halina pa kukimbilia. Lakini chuma kilichounguzwa namna hiyo hugeuka rangi ya buluu na kulegea, na makali yaliyolegea hujikunja. Ukipitisha ukucha unahisi ukingo umelalia upande mmoja. Hapa hapakuwa na mkunjo, palikuwa na mapengo yenye kuta zilizosimama. Oveni tuliipima kwa kipimajoto cha pembeni na ikaonekana inapanda na kushuka nyuzi 15 hivi kuzunguka namba iliyowekwa. Si jambo zuri, ila haliwezi kuharibu ncha na kuacha kisigino.

Ikabaki kutazama pale palipokatika.

Kusoma chuma kwa uso wa mvunjiko ni elimu ya zamani. Réaumur wa Ufaransa aliandika juu yake mwaka 1722, zaidi ya miaka 100 kabla ya Henry Clifton Sorby wa Sheffield kuanza kukitazama chuma kwa hadubini katika miaka ya 1860. Hadi leo ndicho kipimo bora alichonacho fundi wa nyumbani, na hakina gharama isipokuwa roho ya kukubali kuvunja kitu ulichokitengeneza. Chuma kigumu chenye chembe ndogo kikivunjika huonyesha uso wa kijivu, laini, usiong'aa, na jicho haliwezi kutenganisha chembe moja na nyingine. Chembe zikiwa kubwa, uso humetameta kama sukari, kila chembe ikirudisha mwanga kwa upande wake.

Ncha iliyokatika ilimetameta. Haikuhitaji lenzi.

Hapo nikamwomba tukivunje kisu kilichobaki. Alikataa, na ninamwelewa, maana mpini ule wa pili ulikuwa umemgharimu jioni nyingi. Nilimweleza kwamba ncha peke yake inatuambia chembe zimekua, haituambii zimekua wapi na wapi. Tukijua kisigino kikoje tutajua kosa limeingilia hatua gani. Mwishowe alikubali, na akavunja mwenyewe. Alikifunga kwenye jiliwa, akakifunika kwa kitambaa kizito, akavaa miwani ya kukinga macho, akakipiga kwa nyundo mara ya kwanza katikati na mara ya pili karibu na kisigino. Kitambaa na miwani hapo si hiari. Chuma kigumu kikivunjika hurusha vibanzi.

Katikati palikuwa na mchanganyiko: upande wa makali unametameta, upande wa mgongo umefifia. Kisigino kilikuwa kijivu na laini, mvunjiko ambao fundi yeyote angejivunia. Chuma kilikuwa kimoja, mafuta mamoja, oveni moja. Chembe zimekua kadiri unavyosogea kuelekea ncha. Kilichobadilika njiani ni joto la tanuri peke yake.

Nikamwambia anionyeshe alivyokipasha, hatua kwa hatua, bila kuwasha moto. Alikiingiza kisu tanurini ncha ikitangulia, kama wengi wanavyofanya, kwa sababu koleo linashika mkia. Mdomo wa moto wa tanuri lake unashuka katikati ya chumba, na ncha ilikuwa inakaa chini yake moja kwa moja. Ncha ni nyembamba, hupata joto haraka kuliko sehemu nyingine yoyote. Kisigino ni kinene na kilikuwa karibu na mlango, panapoingia hewa baridi. Halafu akanionyesha anavyotumia sumaku: alikuwa anakitoa kisu kidogo na kugusisha sumaku karibu na kisigino, mahali panapofikika bila kuunguza mkono.

Hapo kisa kikafunguka. Chuma kikipashwa hufika mahali mpangilio wake wa ndani unapobadilika na kuacha kuvutwa na sumaku. Kikifika nyuzi 770 kimeshaacha. Kwa 1084 joto linalotakiwa kabla ya kuzamisha kwenye mafuta ni kati ya nyuzi 800 na 815. Kwa hiyo sumaku ni mwongozo mzuri: ikiacha kushika, ongeza kidogo tu, uzamishe. Ila sumaku inasema habari za mahali ilipogusa. Kisigino kilipoacha kushikwa, ncha ilikuwa imeshapita mpaka huo zamani na inaendelea kupanda. Baada ya hapo akakiacha dakika kumi zaidi "kiive", kwa kuwa alisikia chuma kinahitaji muda wa kutulia kwenye joto. Vipo vyuma vinavyohitaji hivyo, vyenye kromiamu nyingi na viungo vingine vinavyoyeyuka polepole. Chuma rahisi kama 1084, chenye unene wa milimita 3, kinahitaji dakika chache tu baada ya kufikia joto sawa kote. Dakika kumi mbele ya mdomo wa moto ni muda wa kukuzia chembe.

Kisha kuna rangi. Alikuwa akifanya kazi mlango wa banda ukiwa wazi, kabla jua halijazama, na alikuwa akitafuta rangi ya chungwa aliyoizoea kwenye springi. Macho hayaoni rangi ya chuma cha moto peke yake, huiona dhidi ya mwanga uliopo. Nyuzi 800 gizani ni wekundu mkali unaojitokeza waziwazi. Nyuzi hizo hizo juani ni wekundu hafifu unaokufanya udhani chuma hakijafika. Ukisubiri mpaka chungwa lionekane juani, nadhani umekwisha kupita nyuzi 900.

Mbona springi zilimvumilia? Springi nyingi za gari, ingawa si zote, ni chuma cha aina ya 5160, chenye kaboni kama asilimia 0.6 na kromiamu kidogo, na joto lake la kuzamishia liko juu kidogo, karibu nyuzi 830. Kaboni ikiwa ndogo, chuma kigumu huwa na ustahimilivu mkubwa zaidi tangu mwanzo, hivyo kosa lile lile halionekani mapema. Visu vyake vya zamani vilikuwa pia vinene nyuma ya makali. 1084 ina kaboni kati ya asilimia 0.8 na 0.9 hivi, na haina viungo kama vanadiamu vinavyozuia chembe kukua. Chuma hiki ni rafiki wa karakana ndogo, maana hukubali mafuta ya kawaida na hakihitaji tanuri la kompyuta. Lakini hakimfichii mtu joto lililozidi.

Lilibaki swali moja ambalo sikutaka kulijibu kwa kukisia. Ncha ilikuwa pia imefuliwa kwa nyundo ikiwa na joto kubwa sana, karibu na manjano, ili kuipa umbo. Joto la kufulia nalo hukuza chembe, na yeye alitoka kwenye kufua akaenda moja kwa moja kwenye kusaga na kuzamisha, bila mizunguko ya kukitengeneza chuma upya, yaani kukipasha na kukiacha kipoe hewani mara kadhaa ili chembe zirudi kuwa ndogo. Je, chembe zilikua wakati wa kufua au wakati wa kuzamisha?

Tukakata vipande vitatu kutoka kwenye chuma kilichobaki. Cha kwanza hakikufuliwa kabisa. Kiliwekwa chini ya mdomo wa moto kama ncha ilivyokaa, kwa rangi na muda aliouzoea, kikazamishwa. Cha pili kilipashwa hadi joto la kufulia, kikaachwa kipoe, kisha kikazamishwa kwa joto sahihi. Cha tatu kilipitia joto hilo hilo la kufulia, kikafanyiwa mizunguko mitatu, ndipo kikazamishwa kwa joto sahihi. Vyote vikavunjwa kwenye jiliwa bila kulegezwa.

Cha kwanza kilimetameta uso mzima. Cha pili kilikuwa cha katikati, kijivu chenye vimulimuli hapa na pale. Cha tatu kilikuwa laini kama kisigino cha kisu, pengine zaidi. Jibu likawa wazi kuliko nilivyotarajia: kosa kubwa liko kwenye joto la kuzamishia, na kufua bila mizunguko kumechangia. Sababu ya kipande cha pili kuwa cha katikati ni kwamba kila mara chuma kinapovuka mpaka ule wa kubadilika mpangilio, chembe mpya huzaliwa ndani ya zile za zamani. Kuvuka mara moja kwa joto sahihi husafisha kiasi. Kuvuka mara kadhaa husafisha vizuri. Na kuvuka kisha kukaa kwenye joto lililozidi hufuta faida yote.

Hiyo pia maana yake ni kwamba kisu kile kingeweza kuokolewa kama kisingekatika ncha. Kungehitajika kung'oa mpini, kwa kuwa gundi ya epoksi haivumilii joto lolote la kazi hii, kufanya mizunguko mitatu, kuzamisha upya, na kulegeza upya. Nawaona watu wakitupa visu vinavyomeguka na moyo unaniuma, maana chuma chenyewe hakijaharibika. Kikiwa hakina nyufa na hakijapoteza kaboni nyingi juu ya uso, kinarudi.

Kisu kipya kilitoka kwenye chuma kile kile. Mizunguko mitatu ilifanywa kwa joto linaloshuka, takriban nyuzi 870, kisha 830, kisha 790, kila mara kikipoa kwenye hewa tulivu mpaka wekundu wote upotee na sumaku ikishike tena. Hana kipimajoto cha tanuri, kwa hiyo namba hizo ni makisio ya rangi. Kilichotupa nanga ni chumvi ya mezani. Chumvi safi huyeyuka kwenye nyuzi 801. Ukinyunyiza punje chache juu ya kipande cha majaribio, ukaziona zimelowana na kung'aa, umepata namba ya kweli ambayo macho yanaweza kujifunza kwayo. Tulifanya hivyo kwenye kipande, si kwenye kisu, kwa kuwa chumvi huacha kutu.

Mabadiliko mengine yalikuwa ya mpangilio. Bomba la chuma liliwekwa ndani ya tanuri, mwisho mmoja ukiwa umezibwa, na kisu kikapashwa ndani ya bomba ili moto usikiguse moja kwa moja. Bomba lisiwe la mabati: zinki ikiungua hutoa moshi unaomwumiza mtu vibaya. Kisu kilisogezwa mbele na nyuma bila kuachwa kitulie, na ncha ikasukumwa hadi sehemu ya mwisho yenye joto dogo. Kazi ilifanywa baada ya jua kuzama, taa ikiwa imezimwa, mlango ukiachwa wazi kwa ajili ya hewa, kwa sababu tanuri la gesi huzalisha kaboni monoksidi.

Gizani ndani ya bomba aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika visu vyake vyote. Chuma kinapovuka mpaka wa kubadilika hufyonza joto bila kupanda, na kwa muda mfupi sehemu inayobadilika huonekana na giza kuliko sehemu iliyokwisha kuvuka. Kivuli hicho hutambaa kutoka sehemu nyembamba kuelekea sehemu nene. Kilianzia ncha, kikapita kwenye makali, kikamalizikia kwenye mgongo wa kisigino. Kikiisha, ubapa wote umevuka. Ukisogeza kisu ili kivuli kiishe karibu kwa wakati mmoja kila mahali, umesawazisha joto kuliko sumaku yoyote inavyoweza kukusaidia. Kwangu mimi hili ndilo la thamani kuliko yote yaliyotoka kwenye kisa hiki. Sumaku sasa anaitumia kuthibitisha tu, na anaigusisha kwenye ncha.

Mafuta ya kanola yalipashwa kwanza hadi nyuzi 50 hivi, kwa sababu yakiwa na uvuguvugu huwa mepesi na hupoza haraka zaidi kuliko yakiwa baridi na mazito. Chuma hiki kinatakiwa kushuka chini ya nyuzi 540 katika muda wa sekunde moja hivi, kwa hiyo umbali kati ya tanuri na chombo cha mafuta uwe hatua moja. Kisu kiliingia wima, ncha kwanza, kikachezeshwa juu na chini bila kupelekwa kando, maana kukipeleka kando hupoza upande mmoja mapema na kukipinda. Chombo kilikuwa cha chuma, chenye mfuniko wake karibu. Kikapoa, kikaoshwa, na kikaingia oveni mara moja: nyuzi 200, saa mbili, kikapoa, kisha saa mbili tena. Ili oveni isiyumbe alikizungushia mchanga ndani ya sinia la chuma, na kipimajoto kikazikwa humo humo.

Kipande kilichozamishwa pamoja na kisu kilivunjwa kabla mpini haujawekwa. Kilikuwa kijivu ncha hadi mwisho. Makali yakajaribiwa juu ya ufito wa brasi: yakibonyezwa kwa pembe yalipinda kidogo, yakarudi, kwa urefu wote, na theluthi ya mbele haikutofautiana na kisigino. Kisu kimekwisha kunolewa upya kwenye kinoo mara kadhaa tangu hapo, na ukingo wake ukishikwa dhidi ya taa hauonyeshi pengo.

Tanuri lake bado lina mdomo mmoja, na sehemu yenye joto kali bado iko pale pale katikati. Kwa ubapa mrefu kuliko bomba lile atahitaji mpango mwingine, na kwa sasa amejiwekea kikomo cha sentimita 20. Kila anaponunua chuma kipya hukata kwanza vipande vya kuvunja, huvizamisha kwa joto tofauti, na kuviandika joto na rangi aliyoiona, kisha hupanga nyuso za mvunjiko kwenye ubao juu ya jiliwa. Cha 5160 amekiongeza wiki hii, kutoka kwenye springi ile ile aliyoanzia.